Vipanga wapata jukwaa: Fahamu hotuba na video zinazoifanya sayansi kuwa burudani mtandaoni

Na Mwandishi Wetu

KATIKA shule nyingi za Tanzania, mwanafunzi anayezimudu hesabu kuliko wenzake huitwa kipanga. Jina hilo ni la sifa, lakini ndani yake mna ukali kidogo. Kipanga hutafutwa na kila mtu wiki ya mtihani, kisha husahaulika siku ya tamasha, kwa kuwa wengi huamini kwamba mtu wa vitabu hana la kuchekesha wala la kustarehesha.

Imani hiyo haiko Tanzania pekee. Nchini Marekani na Uingereza, kijana aliyezama katika kompyuta, fizikia, hadithi za michoro au simulizi za safari za angani alikuwa kwa miongo mingi mtu wa kutaniwa, shuleni na hata katika filamu.

Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 hali ilianza kubadilika. Intaneti ilimpa kipanga jukwaa lake mwenyewe, na ikabainika kwamba wapo mamilioni ya watu walio tayari kuketi na kumsikiliza mtu akizungumzia mbu, namba tasa au uzito wa hewa, mradi azungumze kwa ucheshi na kwa mapenzi ya kweli.

Makala haya yanaeleza asili ya hotuba na video hizo, kanuni zinazoziongoza, baadhi ya watu waliozijenga, uhusiano wake na Afrika Mashariki, pamoja na lawama zinazotolewa dhidi yake.

Asili yake ni ya kale

Ingawa vyombo ni vipya, wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1825, taasisi ya Royal Institution ya jijini London ilianzisha mihadhara ya Krismasi kwa ajili ya vijana, ambayo imeendelea hadi leo, isipokuwa kwa miaka michache ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Mwanasayansi Michael Faraday, mtoto wa mhunzi ambaye hakupata elimu kubwa ya shule, alitoa mihadhara hiyo kwa mihula 19 kati ya mwaka 1827 na 1860. Mmoja wa mihadhara yake mashuhuri ulihusu mshumaa tu: unawakaje, moshi wake ni nini, na hewa inayouzunguka ina kazi gani. Faraday alifahamu kwamba mtazamaji hupenda kwanza kuona kitu kikitokea mbele ya macho yake, ndipo apewe maelezo.

Katika karne ya 20 kazi hiyo ilichukuliwa na televisheni. Mwaka 1980, mtaalamu wa elimu ya anga Carl Sagan wa Marekani aliwaonyesha watazamaji wa nchi nyingi mfululizo wa Cosmos. Mwaka 2003 kikaanza kipindi cha MythBusters, ambamo Adam Savage na Jamie Hyneman walizifanyia majaribio imani za mitaani, mara nyingi kwa milipuko.

Hata hivyo, televisheni ilikuwa na walinzi wake. Aliyetaka kuzungumza alihitaji mtayarishaji, studio na mdhamini. Walinzi hao ndio walioondolewa na intaneti.

Mwaka 2006 mlango wafunguliwa

Tovuti ya YouTube ilianzishwa Februari 2005, na video yake ya kwanza, yenye urefu wa sekunde 19, ilipandishwa Aprili 23 mwaka huo. Ilimwonyesha mmoja wa waanzilishi wake, Jawed Karim, akiwa mbele ya tembo katika bustani ya wanyama. Mwaka uliofuata, kampuni ya Google ilikubali kuinunua tovuti hiyo kwa dola bilioni 1.65.

Wakati huo huo, mkutano wa TED ulikuwa unatafuta njia ya kuwafikia watu walio nje ya kuta zake. Mkutano huo uliasisiwa mwaka 1984 mjini Monterey, California, na Richard Saul Wurman pamoja na Harry Marks. Herufi tatu za jina lake husimama badala ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya teknolojia, burudani na usanifu.

Mkutano wa kwanza ulipata hasara, na wa pili haukufanyika hadi mwaka 1990. Kwa miaka mingi ulibaki kuwa mkusanyiko wa wachache waliolipa maelfu ya dola. Mwaka 2001 uliingia mikononi mwa taasisi ya hisani ya Chris Anderson, aliyekuwa mchapishaji wa majarida.

Juni 27, 2006, hotuba sita za kwanza ziliwekwa mtandaoni bure. Miongoni mwa wazungumzaji alikuwamo David Pogue, mwandishi wa safu za teknolojia, ambaye aliketi kwenye piano na kuimba nyimbo za kuzikejeli programu za kompyuta zisizotumika kwa urahisi. Alikuwamo pia Ken Robinson, mwalimu wa Uingereza aliyefariki dunia mwaka 2020, ambaye hotuba yake kuhusu shule zinavyoua ubunifu ni miongoni mwa zilizotazamwa zaidi katika historia ya mkutano huo.

Mwingine alikuwa daktari wa Sweden, Hans Rosling. Yeye alichukua takwimu za afya na mapato ya nchi, akazigeuza kuwa viputo vya rangi vinavyotembea kwenye skrini mwaka baada ya mwaka, huku akivitangaza kwa kasi na msisimko wa mtangazaji wa mpira wa miguu. Mwaka 2007 alirudi jukwaani, na baada ya takwimu akavua shati na kumeza upanga, ili kuthibitisha kwamba lisilowezekana huwezekana.

Nyuma ya mchezo huo kulikuwa na maisha ya kazi. Rosling alikuwa daktari wa wilaya huko Nacala, Msumbiji, kati ya mwaka 1979 na 1981, na alitumia miaka mingi kuchunguza ugonjwa wa kupooza miguu uitwao konzo, unaotokana na muhogo mchungu usioandaliwa vizuri. Ni mmoja wa waandishi wa utafiti wa konzo uliofanyika wilayani Tarime, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 1990. Alifariki dunia Februari 2017.

Hadi kufikia Novemba 2012, TED ilitangaza kwamba hotuba zake zilikuwa zimetazamwa mara bilioni moja.

Kanuni ya kwanza ni muda

Anayezitazama hotuba hizi kwa mara ya kwanza hudhani mzungumzaji anajisemea tu. Ukweli ni kwamba zina masharti makali, na sharti kuu ni muda.

Katika mkutano wa TED hotuba haipaswi kuzidi dakika 18. Muda huo unatosha kueleza wazo moja, na hautoshi kueleza mawili, hivyo mzungumzaji hulazimika kuchagua.

Wengine walibana zaidi. Mwaka 2003, wasanifu majengo wawili wanaoishi Tokyo, Astrid Klein na Mark Dytham, walianzisha PechaKucha, ambamo mzungumzaji huonyesha picha 20 na kila picha hukaa sekunde 20. Hotuba nzima ni dakika sita na sekunde 40. Mwaka 2006 mjini Seattle ikaanza Ignite, ambayo picha zake 20 hujibadilisha zenyewe kila baada ya sekunde 15, mzungumzaji awe tayari au asiwe tayari. Katika dakika tano anaweza kueleza jinsi ya kununua gari au jinsi ya kufuga nyuki.

Sherehe ya tuzo za Ig Nobel, iliyoanzishwa nchini Marekani mwaka 1991 chini ya Marc Abrahams, ina sharti kali kuliko yote. Mtaalamu hutakiwa kueleza fani yake kikamilifu kwa sekunde 24, kisha aieleze tena kwa maneno saba ambayo kila mtu ataelewa. Kwa miaka mingi, mshindi aliyezidisha muda alifuatwa jukwaani na msichana mdogo wa miaka kama minane, ambaye alirudia kumwambia kwamba amechoshwa, hadi mtu mzima akanyamaza.

Masharti haya yanafanana na kanuni za ushairi wa Kiswahili. Vina na mizani humbana malenga, lakini kubanwa huko ndiko humfanya alitafute neno lililo sahihi.

Kicheko chenye faida: jibini, miguu na mbu

Tuzo za Ig Nobel hutolewa kwa utafiti unaomfanya mtu acheke kwanza na kufikiri baadaye. Sherehe yake, iliyofanyika kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Harvard, imekuwa ikirushwa kwenye intaneti tangu mwaka 1995, na hivyo ni miongoni mwa burudani za kale zaidi za aina hii mtandaoni.

Wanaokabidhi tuzo huwa ni washindi halisi wa Nobel, na hadhira hurusha ndege za karatasi. Mwaka 2009 tuzo ya hisabati ilikwenda kwa aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu ya Zimbabwe, Gideon Gono, kwa kuwazoesha wananchi namba za kila ukubwa, kwa noti za kuanzia senti moja hadi dola trilioni 100. Washindi wa miaka ya karibuni wamekuwa wakipewa noti ya dola trilioni 10 za nchi hiyo.

Msomaji anaweza kuuliza mzaha huo una faida gani. Jibu mojawapo linapatikana Ifakara, mkoani Morogoro.

Mwaka 2006 tuzo ya Ig Nobel ya baiolojia ilitolewa kwa Bart Knols na Ruurd de Jong wa Uholanzi. Walionyesha kwamba mbu jike aina ya Anopheles gambiae, anayeeneza malaria, huvutwa na harufu ya jibini ya Limburger sawasawa na anavyovutwa na harufu ya miguu ya binadamu. Sababu ni kwamba bakteria wanaoipa jibini hiyo harufu yake ni ndugu wa karibu wa bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya miguu.

Ukumbi ulicheka. Lakini swali walilouliza, la kwamba mbu huijuaje njia ya kumfikia mtu gizani, lilikuwa swali la uhai na kifo kwa Afrika. Knols mwenyewe alikuwa amefanya kazi kwa miaka kadhaa Afrika Mashariki.

Mwaka 2010, watafiti wakiongozwa na Fredros Okumu wa Taasisi ya Afya Ifakara walichapisha matokeo ya mchanganyiko wa kemikali unaoiga harufu ya binadamu. Mchanganyiko huo ulipowekwa katika kibanda chake peke yake, uliwavuta mbu wa malaria mara tatu hadi tano zaidi ya mtu aliyelala katika kibanda kingine. Mwaka 2011 mradi wa mitego inayotumia harufu ya aina hiyo, ikiwamo ya soksi zilizovaliwa, ulipata ufadhili wa kimataifa, na vyombo vya habari vya nchi nyingi vikauandika kwa kicheko kile kile.

Mfano wa Andre Geim unafundisha jambo hilo hilo. Mwaka 2000 alipata Ig Nobel kwa kumwelea chura hewani kwa nguvu ya sumaku. Mwaka 2010 alipata Nobel halisi ya fizikia kwa kazi ya grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja.

Arusha, Juni 2007

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, historia hii ina sura inayowahusu moja kwa moja. Kuanzia Juni 4 hadi 7, 2007, mkutano wa TEDGlobal ulifanyika Arusha, ukiratibiwa na Emeka Okafor, mzaliwa wa familia ya Kinigeria, chini ya kaulimbiu iliyoahidi ukurasa mpya wa Afrika.

Ulikuwa mkutano wa mabishano. Mwandishi wa habari wa Uganda, Andrew Mwenda, aliushambulia utamaduni wa misaada kwa maneno makali kiasi kwamba mwanamuziki Bono, aliyekuwa ukumbini, alimpinga papo hapo. Mchumi wa Ghana, George Ayittey, aliwagawa Waafrika katika makundi mawili: kizazi cha duma, chenye kasi na kisichosubiri serikali, na kizazi cha viboko, kilichotulia kwenye tope la malalamiko ya kale.

Hata hivyo, aliyekumbukwa kuliko wote hakuwa mwanasiasa wala mchumi. Alikuwa William Kamkwamba, kijana wa miaka 19 kutoka wilaya ya Kasungu, Malawi.

Wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002, Kamkwamba aliacha sekondari kwa kuwa wazazi wake, wakulima, hawakuweza kulipa ada. Akaenda kwenye maktaba ndogo ya kijijini, akakuta kitabu cha Kiingereza kuhusu nishati chenye picha ya mitambo ya upepo. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, hivyo alitumia michoro kuyatafuta maneno yake.

Kwa feni ya trekta, fremu ya baiskeli, dainamo, mabomba ya plastiki aliyoyakunjua kwa moto na mnara wa magogo ya mikaratusi, alijenga mtambo uliowasha taa nyumbani kwao na kuchaji simu za majirani. Kabla ya hapo, wanakijiji waliomwona akiokota vyuma chakavu walimdhania amerukwa na akili.

Jukwaani Arusha hakuzungumza hata dakika 10. Chris Anderson alimuuliza maswali, naye akajibu kwa sentensi fupi, akionyesha picha za mtambo wake na kueleza kwamba alijaribu, na ikawa. Ukumbi ulisimama. Baadaye alisimulia kwamba ni Arusha alikoiona intaneti kwa mara ya kwanza, na alipoonyeshwa jinsi ya kutafuta, akatafuta mitambo ya upepo, akashangaa kukuta habari nyingi kiasi kile kuhusu jambo alilolisaka peke yake katika kitabu kimoja.

Kitabu cha maisha yake alichoandika na Bryan Mealer kilitoka mwaka 2009. Mwaka 2014 alihitimu katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, na mwaka 2019 mwigizaji Chiwetel Ejiofor aliongoza filamu iliyotokana na kitabu hicho.

Taa zilizomzuia simba

Miaka sita baada ya Arusha, mtoto mwingine wa Afrika Mashariki alipanda jukwaani, safari hii huko Long Beach, California. Richard Turere, Mmasai kutoka pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, alikuwa na miaka ipatayo 13 mwaka 2013.

Upande wa kusini wa hifadhi hiyo hauna uzio, hivyo simba walikuwa wakitoka usiku na kuua ng'ombe wa wafugaji. Turere, mwenye jukumu la kuchunga mifugo ya baba yake, alijaribu kwanza moto, akagundua kwamba moto huwasaidia simba kuona zizi. Akajaribu sanamu ya mtu, lakini simba walipoizoea waliruka na kuua.

Usiku mmoja alipokuwa akitembea na tochi, simba hawakuja, akatambua kwamba wanaogopa mwanga unaotembea. Alitumia betri kuukuu ya gari, paneli ndogo ya jua, kifaa cha indiketa za pikipiki na balbu za tochi mbovu, akatengeneza mfumo wa taa zinazowaka na kuzima kwa zamu, ili simba adhani kuna mtu anayezunguka zizi. Ujuzi huo aliupata kwa kufungua vifaa vya nyumbani, ikiwamo redio mpya ya mama yake, jambo ambalo mama huyo hakulifurahia.

Majirani walimwomba awafungie taa hizo, na yeye mwenyewe akapata ufadhili wa masomo katika shule moja jijini Nairobi. Faida nyingine ni kwamba mfugaji ambaye ng'ombe wake wako salama hana sababu ya kumuua simba.

Ndugu wawili na jeshi la vipanga

Upande wa video za nyumbani, zisizo na ukumbi wala hadhira, mfano mkubwa ni wa ndugu wawili wa Marekani, John na Hank Green. Januari 1, 2007, waliahidiana kutoandikiana neno lolote kwa mwaka mzima, badala yake wapeane zamu kutumiana video kupitia YouTube, mbele ya macho ya umma.

Mapema mwaka huo John aliona mashine ya mchezo uwanjani mwa ndege, akalisoma jina lake vibaya kuwa wapiganaji vipanga. Watazamaji wakalichukua jina hilo kuwa lao. Julai 2007, wimbo wa Hank wa kusubiri kitabu cha mwisho cha Harry Potter uliwaletea umati mpya, na Desemba wakaanzisha siku ya kuijaza YouTube kwa video za mashirika ya hisani, ambayo imekuwa ikirudiwa kila mwaka.

Mwaka 2010 waliandaa VidCon, mkutano wa watengeneza video, na kufikia mwaka 2012 walikuwa na vipindi vya masomo vya Crash Course na SciShow, vinavyotumiwa na wanafunzi wa nchi nyingi kujiandaa kwa mitihani.

Jambo lenye uzito zaidi lilikuja baadaye. Mwaka 2019 John Green, ambaye pia ni mwandishi wa riwaya, alitembelea hospitali ya Lakka nchini Sierra Leone na kukutana na wagonjwa wa kifua kikuu sugu. Tangu hapo aligeuza sehemu ya video zake kuwa darasa la ugonjwa huo.

Mwaka 2023, watazamaji wake walijiunga na kampeni iliyokuwa imeendeshwa kwa miaka na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na wanaharakati wengine, kudai bei nafuu ya vikasha vya kipimo cha GeneXpert. Mashine hiyo, inayotumika pia katika hospitali za Tanzania na Kenya, hutoa jibu la kifua kikuu kwa muda usiozidi saa mbili. Septemba mwaka huo kampuni ya Danaher, mmiliki wa watengenezaji wake, ilishusha bei ya kikasha cha kawaida kwa nchi zenye kipato kidogo kutoka dola 9.98 hadi dola 7.97.

Wanaharakati walisema bado inaweza kufika dola tano. Hata hivyo, ilibainika kwamba watu waliokutana kwa kupenda vichekesho na hadithi za kubuni wanaweza kuwa nguvu ya umma.

Lawama zisizopuuzwa

Pamoja na sifa hizo, hotuba na video hizi zina wakosoaji wake, na hoja zao zinastahili kusikilizwa.

Lawama ya kwanza ni kwamba burudani inaweza kuupotosha ukweli. Januari 2014, chaneli ya Numberphile, inayoendeshwa na Brady Haran, ilionyesha kwamba ukijumlisha namba zote, moja na mbili na tatu na kuendelea bila mwisho, utapata hasi moja ya kumi na mbili. Video ilienea haraka. Wanahisabati wengi walilalamika kwamba jibu hilo lina maana katika nadharia maalumu tu, na kwamba kwa maana ya kawaida ya kujumlisha, jumla hiyo haina ukomo. Watazamaji walipewa mshangao, lakini hawakupewa masharti yake.

Lawama ya pili ni nzito zaidi, na imetoka kwa mwenyeji wa nyumba. Derek Muller, mwanzilishi wa chaneli ya Veritasium, aliandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Sydney kuhusu video za kufundishia fizikia. Aligundua kwamba wanafunzi walioonyeshwa maelezo safi na mepesi waliyasifu na kujiamini zaidi, lakini walipopewa mtihani hawakuwa wamejifunza cha maana.

Waliojifunza ni wale walioonyeshwa kwanza mawazo potofu ambayo watu wengi wanayo, kisha yakasahihishwa. Hao waliona video hiyo ni ngumu na ya kuchanganya. Kwa maneno mengine, kule kuhisi kwamba umeelewa si ushahidi kwamba umeelewa.

Tatu, wapo wanaosema kwamba hotuba za dakika 18 huyafanya matatizo makubwa yaonekane kuwa na suluhisho rahisi. Mwanafalsafa Benjamin Bratton alilisema hilo mwaka 2013 akiwa kwenye jukwaa la TEDx mjini San Diego. Hadithi ya Kamkwamba hutolewa mara nyingi kama ushahidi kwamba kijana mwenye bidii hushinda, ilhali kilichomtoa shuleni ni ada, na vijana wenzake waliokosa ada hawakupata jukwaa.

Nne, jukwaa hili halijawa sawa kwa wote. Utafiti wa Inoka Amarasekara na Will Grant wa Australia, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba wanawake ni wachache miongoni mwa watangazaji wa chaneli mashuhuri za sayansi, na kwamba hupata maoni mengi zaidi ya uhasama na ya kuhusu sura zao.

Lugha na gharama

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna vikwazo viwili vya ziada. Cha kwanza ni gharama. Mkutano wa Arusha ulipofanyika mwaka 2007, eneo hili bado lilitegemea setilaiti kwa intaneti, na video ya dakika 18 ilikuwa anasa. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na bei zikaanza kushuka. Hata hivyo, kwa familia nyingi kifurushi cha simu bado huhesabiwa kwa makini.

Kikwazo cha pili ni lugha. Sehemu kubwa ya hotuba na video hizi ni za Kiingereza, tena cha kasi na chenye utani wa kwao. TED ilianzisha mpango wa wafasiri wa kujitolea mwaka 2009, na baadhi ya hotuba zina maandishi ya Kiswahili chini ya picha, lakini utani ni jambo gumu kulihamisha kutoka lugha hadi lugha.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mfano wa kutia moyo ni Ubongo Kids, kipindi cha katuni kinachotengenezwa Dar es Salaam, kilichoanza kuonyeshwa mwaka 2014. Humo watoto na wanyama hutatua mafumbo ya hesabu na sayansi kwa nyimbo za Kiswahili, katika mitaa na vijiji ambavyo mtoto wa hapa anavitambua.

Namna ya kuchagua cha kutazama

Mzazi, mwalimu au kijana anayetaka kuanza anaweza kuzingatia mambo machache.

Kwanza, atazame ni nani anayezungumza. Chaneli ya Periodic Videos, kwa mfano, ilianza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Nottingham, na mzungumzaji wake mkuu, Profesa Martyn Poliakoff, ni mkemia wa kweli, ingawa anajulikana zaidi kwa nywele zake zilizotimka. Chaneli hiyo ina video kwa kila elementi, zote 118.

Pili, achague video inayoonyesha jaribio au ushahidi, na siyo ile inayotoa madai matupu. Tatu, aizime video katikati na kujiuliza nini kitatokea, kabla ya kupewa jibu. Hiyo ndiyo dawa ya ugonjwa alioueleza Muller.

Nne, ajifunze kuutambua mzaha. Mwaka 2013 yalianza mashindano ya BAHFest, yaliyoanzishwa na mchora katuni Zach Weinersmith, ambamo washindani walitetea kwa grafu na takwimu nadharia ambazo wao wenyewe walijua ni za uongo. Moja iliyoyazaa mashindano hayo inadai kwamba watoto wachanga wana umbo linalopaa vizuri hewani ili waweze kupigwa teke hadi kijiji cha jirani na kueneza ukoo. Anayecheka na kisha akaweza kueleza kosa liko wapi, amejifunza kuipima hoja yenye sura ya sayansi.

Tano, na muhimu kuliko yote, afanye kitu kwa mikono yake. Kamkwamba alikuwa na kitabu kimoja chenye picha, na Turere alikuwa na redio ya mama yake. Mtoto anayefungua redio leo katika nyumba ya Mbagala au Kitengela anaweza kuonekana mharibifu. Kabla ya kumchapa, ni vyema mzazi akamuuliza kwanza alikuwa anatafuta nini ndani yake.